Vijidudu vya Kwenye Mboji

Mansfield, Texas
16 Juni 2019

Mpendwa Shangazi Annonciata,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilikufaa? Mimi na mume wangu Didace tu wazima, ila joto limetubana na zamu za ghalani zinatuchosha.

Utacheka ukisikia kinachonishughulisha siku hizi: vijidudu! Nyuma ya nyumba tuna lundo la mboji, maganda na majani tunayoozesha kwa ajili ya bustani ya mchicha wetu wa lengalenga. Mwezi uliopita vikajaa hapo vijidudu vya kijivu, vidogo kama punje ya ufuta. Ukisogea vinaruka kidogo, kisha vinatua tena.

Jirani yetu Mado, Mkongomani ninayelima naye, alivikataa papo hapo. "Hii ni mbu! Tumwange dawa leo leo." Sikumbishia. Katika kambi ya wakimbizi alimzika mtoto wake aliyeuawa na malaria. Lakini dawa ingeingia kwenye mboga, nami nilitaka kwanza kujua ni wadudu gani.

Nikanunua lenzi ndogo ya kubana kwenye simu. Picha arobaini za mwanzo zilikuwa ukungu mtupu. Mwishowe nikamnasa mmoja ndani ya kichupa, nikamtia kwenye friji dakika chache, akatulia. Laiti ungemwona, Shangazi! Mabawa yana manyoya kama ya nondo, yameinama kama paa la nyumba, na vipapasio ni kama shanga zilizotungwa. Ule mdomo mrefu wa mbu hana.

Nikaituma picha kwa watu wa mtandaoni wanaotambua wadudu. Bwana mmoja akajibu kwamba ni inzi-nondo, wa aina isiyouma, na mabuu yake hula uozo. Jina kamili hawezi kulitaja mpaka aone vizuri mishipa ya bawa. Bado nahangaika kuipiga picha ya mishipa hiyo.

Nilipomwonyesha Mado picha na jibu la yule bwana, aliikuza picha kwa vidole. Kisha akavuta kiti hadi kwenye lundo, akakunja mkono wa gauni, akaunyoosha mkono mtupu juu ya maganda. Nikakaa naye karibu saa nzima. Walitua mkononi mwake, wakatembea, wakaruka. Hakuna aliyemuuma.

"Basi waache wajilie uozo wao," akasema, huku anajifuta machozi.

Nisalimie Mzee Kamugisha na Jeannette. Mungu akulinde wewe na wote waliomo nyumbani mwako.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Raïssa