Ubao Usio na Shida

Jumatano, Koboko

Eti hadi filimbi! Miezi mitatu nimewafundisha mameneja wa kiwanda hiki cha unga jambo moja: waulizeni wafanyakazi kinachowakwamisha, kiandikwe ubaoni, mkirekebishe pamoja. Leo meneja Juma alinionyesha alivyoelewa.

Akapuliza filimbi. Wote wakajipanga mstari, mikono ubavuni, kama askari wa marehemu baba yake, aliyekuwa kamanda jeshini.

"Nani iko na shida?"

"Hakuna, afande!"

Akanigeukia, uso umechanua. "Mwalimu, unaona? Mafunzo yako imefanya kazi."

Ubao ulikuwa umefutwa. Jumatatu palikuwa na mwandiko wa Amina, mshona magunia: mashine ya pili inanasa nguo. Nilimsifu mbele ya wote, nikampigia makofi. Mimi mwenyewe.

Nikauliza yuko wapi.

"Yule iko na shida mingi," Juma akasema. "Nimefukuza yeye."

Mashine ya pili ilikuwa inanguruma nyuma yake.

Kesho narudi Arua, na sijui nitaripoti nini. Katika kiwanda kizima mtu mmoja tu aliniamini, na huyo ndiye niliyemponza.