Zulia Nililosema Nimelinunua Gikomba

Alhamisi. Jua la leo lilikuwa la kukausha blanketi kwa saa mbili, na sijawahi kulichukia jua hivi.

Nina hasira. Naandika nikiwa nje, mlangoni, kwa sababu nyumba yangu hapa Ziwani ni chumba kimoja na Mama yuko ndani.

Miezi minane nimefunga zulia hilo fundo moja moja, sufu tupu ya kondoo. Mchoro ni wa Kiajemi lakini nimeugeuza ukawa wangu: ua kubwa jekundu katikati, maua madogo pembeni, halafu upande mmoja rangi zinafifia mpaka panabaki peupe. Jumamosi lilikuwa liende kwenye maonyesho, zulia langu la kwanza kuandikwa jina langu. Nililileta nyumbani nilimalizie nyuzi za pembeni.

Leo jioni nimelikuta kwa kamba ya nguo.

Mama amelifua. Amelitandaza kwa simiti pale bombani, akalimwagia maji ya kuchemka na sabuni ya unga, akalisugua na brashi ya sakafu. Ule wekundu umeingia kwa weupe wote. Sufu imerudi, pembe zimejikunja, zulia zima limekuwa gumu. Nimeligusa tu nikajua halina dawa.

"Lilikuwa linanuka kondoo," Mama akaniambia, vidole bado vimekunjamana kwa maji. "Mama Brayo wa hapo jirani amenisaidia kulikamua. Sasa ni safi."

Nilimfokea. Nilimfokea mama yangu mbele ya wapangaji wa ploti nzima, nikamwuliza ni nani alimtuma. Alifunga leso yake upya, akaingia ndani.

Wacha niseme ukweli, maana hapa mtandaoni hakuna anayenijua. Mama anaamini mimi ni karani kwa ofisi fulani huko mtaa wa Fedha. Alichuma chai ya watu ndio nisomee uhasibu, na mimi nikaacha chuo kimyakimya nikaenda kujifunza kufuma. Jumatatu alipofika kutoka Vihiga akaona zulia nyuma ya kochi, akauliza nimelitoa wapi. Nikasema nimelinunua Gikomba, kwa soko la mitumba. Neno lilinitoka tu.

Na kwetu kitu cha Gikomba hakikai kwa nyumba kabla hakijapigwa maji moto. Shuka, sweta, hata pazia. Hujui nani alikuwa nacho. Ni yeye alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, na nguo zangu zote alizifanyia vivyo hivyo.

Sasa nimkasirikie nani?

Bado namkasirikia yeye. Najua si haki, na bado namkasirikia.

Ametoka sasa hivi, akaketi kando yangu, akanipangusa uso na leso. "Nyamaza, mwanangu. Kesho asubuhi utanipeleka huko Gikomba, unionyeshe yule alikuuzia. Nitakununulia lingine kama hilo."

Viatu vyake ameshavipiga rangi. Viko hapa mlangoni, karibu na mguu wangu.

Nitamwonyesha kibanda gani?