Mheshimiwa Delmar Vossberg na Jumatano za Mnadani

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipotutoka, na hapa Nebraska theluji ya kwanza imeanguka bila wewe kuitazama dirishani kwa jicho la kuishuku. Ulimshuku kila mtu. Washington ilikufundisha hivyo. Hata pai ya tufaa ya jirani uliizunguka kwanza, ukijiuliza inaomba kura gani.

Mama naye alikushuku wewe.

Miaka yote ya ubunge ulipigania bei ya mahindi, ukapokea mwenyewe simu za wajane waliocheleweshewa pensheni. Lakini muhula wa mwisho kura yako iliibeba kampuni kubwa ya maziwa. Wafugaji wadogo wakafunga mazizi, nawe ukaikwepa mikutano yao. Wakakuangusha kwenye uchaguzi wa Novemba. Basi ulipoanza kuvaa suti kila Jumatano na kutoka kimyakimya, mji mzima ukashika lake: mzee ameajiriwa na kampuni, anaipigia debe kwa wabunge wenzake wa zamani.

“Unakwenda wapi, Mheshimiwa?” Mama aliuliza. Alikuita hivyo akikasirika tu.

“Kuonana na wananchi.”

“Wananchi si walishakuaga Novemba?”

Jumatano moja Mama alimchukua binti yako Corinne, wakakufuata hadi kwenye mnada wa ng’ombe wa Kessler. Ulikuwa umeketi katikati ya walewale waliokuangusha, mikono mifukoni, mfugaji Gus Tolliver akikusema juu ya kura ile bila kupumua, nawe unaitikia kwa kichwa. Mikutano uliyowanyima ukiwa mbunge, ulikuwa ukiwapa pale. Ulipomwona Mama mlangoni, mkono wa mwanasiasa ukapanda wenyewe kumpungia. Dalali akagonga nyundo. Ukawa umenunua ndama. Gus alicheka hadi akakohoa.

Mama hakucheka. Alirudi nawe katika gari lako, na alichokuuliza ametusimulia sisi wanao mara nyingi.

“Delmar, walikununua?”

“Kura ile niliikosea mwenyewe, bila senti ya mtu. Walikuja baadaye na kazi nono. Nikafikiria utakavyoniangalia nikirudi nyumbani, nikawaonyesha mlango.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ungeniamini?”



Ulipofariki, Gus aliomba kubeba jeneza. Mama alimkodolea macho njia nzima, akidhani amekuja kuhakikisha kwamba umekufa kweli. Baada ya mazishi Gus alimsogelea, kofia mkononi, akauliza lile ambalo wafugaji wote walitaka kujua na hakuna aliyethubutu: je, mzee alikuwa safi?

“Nimemchunguza mtu huyu maisha yangu yote ya ndoa, Gus,” Mama alisema. “Alikuwa safi.”

Unakumbukwa na mkeo Marlys, wanao Corinne na Thayne, mdogo wako Orville, wakwe na wajukuu. Humu nyumbani, Baba, hutasahaulika kamwe.