Meli Iliyochomelewa na Wanawake

Shikamoo Baba,

Bado nausikia mlio wa ubavu wa meli hii ya mizigo unayoiona pichani, mzito na safi, bibi anayetembeza wageni alipougonga kwa spana. Huku Marekani waliziunda nyingi, harakaharaka, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wanaume walikuwa vitani, kwa hiyo wanawake wakachomelea.

"Mama yangu alichomelea hii," bibi alisema. "Mjomba akamcheka, eti itazama bandarini. Mjomba tumeshamzika, meli bado inaelea."

Nikakuwaza hapo Misunkumilo, ukitaka kuuza mashine yako ya kuchomelea kwa kuwa umezaa mabinti tu.

Msalimie Mama, na uyapumzishe macho yako yaliyochoshwa na kuchomelea. Usinikasirikie, Baba. Jana nilimpigia mnunuzi wako wa Kabungu, nikamwambia mashine haiuzwi, nikirudi nitaishika mimi.

Bintiyo, Neema