Nani Ataapa Kuwa Mimi ni Maskini?

Mpendwa Bi Leonor,

Naomba msaada wako, ukishamaliza kunicheka. Mimi ni mstaafu wa kiwanda cha sukari hapa Tucumán, mke wangu Amalia alifariki miaka sita iliyopita, na sasa mahakama imempa mpwa wake nyumba ninayoishi tangu nioe, rufaa naweza kukata lakini ada yake inashinda pensheni yangu, basi karani akaniambia kuna msamaha wa ada kwa wasiojiweza, nilete tu majirani watatu waape kuwa mimi ni maskini, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu miaka yote sita nimefanya kazi moja tu kwa bidii, kuwaaminisha majirani kuwa mambo yangu safi.

Jumapili bila nyama choma si Jumapili, nami nyama sina, kwa hiyo humwomba muuza nyama mafuta ya kumpa paka, paka naye sina, nayaweka juu ya makaa, moshi unavuka ukuta, nami nakaa uani nikila tambi na kugonganisha uma na sahani, siku nyingine namkaribisha kwa sauti mgeni ambaye hayupo, "Ongeza kipande, kaka, usione haya."

Jana nilijikaza nikaenda kwa Bi Herminia, jirani yangu wa ukuta mmoja, nikiwa nimevaa saa ya dhahabu iliyokufa zamani. Nikamweleza. Akanitazama toka juu hadi chini. "Wewe, jirani, maskini? Na moshi wa kila Jumapili ni wa nani?" Nikacheka, nikamwambia nilikuwa namtania, nikarudi nyumbani.

Je, nikodi wale mashahidi wanaojiuza nje ya mahakama, au nihame na heshima yangu?

Mwenye Moshi
(Jina langu usilichape, majirani wanasoma gazeti hili.)

JIBU

Mwenye Moshi, nimecheka, kisha nikaacha. Pole kwa Amalia. Jina lako nimelificha, ila la Bi Herminia umelitaja mwenyewe, kwa hiyo siri imekwisha.

Mashahidi wa kukodi usiwafikirie hata kidogo. Hakimu atawauliza mlango wako una rangi gani, nyote mtaumbuka. Na heshima hiyo ukihama utaipakia kwenye mkokoteni gani? Mficha uchi hazai, baba.

Mimi pia nimezaliwa Tucumán. Hakuna mtu wa huko asiyejua tofauti ya harufu ya mbavu na ya mafuta matupu. Bi Herminia amenusa moshi huo miaka sita. Anajua. Wote wanajua, wamenyamaza ili usiaibike. Alipokuuliza moshi ni wa nani, alikufungulia mlango, wewe ukakimbia.

Jumapili hii washa moto kama kawaida, lakini geti liache wazi. Mwite yeye na wengine wawili, waone kilichopo juu ya wavu. Usijieleze sana. Jumatatu asubuhi nenda nao kwa wakili wa umma, yule asiyetoza kitu, ukiwa na hati ya pensheni, ombi lifike mahakamani kabla ya Ijumaa. Saa iache nyumbani.

Na andaa sahani nne. Nyama usihangaike nayo. Watakuja nayo wao, wamengoja miaka sita kualikwa.