Sarafu Mbili Ambazo Sikuziosha

Baba,

Ni mimi niliyeziosha sarafu zako. Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Wiki ile uliyolazwa nilizisugua kwa limau na dawa ya meno kwenye sinki ya jikoni, ili ukirudi uzikute ziking'aa.

Hukurudi. Jana Mjomba Wafula alizipeleka sokoni kwa mnunuzi wa vitu vya kale, mimi nikiwa nyuma yake nimebeba mkebe. Yule mtu alizitazama kidogo, akazisukuma. "Nani ameziosha? Mmeziua, hazina bei tena." Mjomba akacheka. "Marehemu shemeji yangu. Alikuwa nesi tu, angejua nini?"

Baba, nilisimama pale nikamwacha akuite mjinga kwa kosa langu! Nina hasira naye mpaka meno yananiuma. Na mimi mwenyewe, zaidi.

Na wewe pia. Ulinisimulia mara ngapi habari za yule mgonjwa wako, mzee wa Al Rayyan? Kwamba alipokuwa kijana pesa za huku kwa Waarabu zilibadilishwa, rupia ya ana kumi na sita ikaondoka, zikaja za kugawanywa kwa mia. Watu wakakimbilia kubadilisha zao, yeye akabakiza chache, hata ile sarafu ya ana moja yenye ukingo kama wa biskuti, na uzeeni akakupa wewe. Lakini nilipokuuliza kwa nini alibakiza hizo, tena chafu hivyo, ulisema, "Ngoja Ijumaa, mami, nitakueleza." Ijumaa gani? Kila Ijumaa ulikuwa zamu.

Mama ndiye aliyenieleza jana, tuliporudi kutoka sokoni. Mama yake yule mzee aliuza tende. Ule weusi ulikuwa wa vidole vyake. Mzee alibakiza zile tu zilizopita mkononi mwa mama yake, akakuonya zisiguswe na maji. Neno moja tu, Baba. Ungeshindwa nini kuniambia?

Kibali chetu cha kuishi hapa kilitegemea kazi yako, kwa hiyo mwisho wa mwezi tunarudi Bungoma. Nyumba hii ya mtaa wa Bin Mahmoud imejaa masanduku. Leo asubuhi Mjomba akaamua: zinazong'aa nibaki nazo kama ukumbusho, mbili nyeusi zilizobaki nyumbani jana akaziuze, ndizo zenye bei. Hizo mbili sikuwa nimezifikia. Nilikuwa na povu mikononi simu ya hospitali ilipolia.

Nikazinyakua mezani. "Hizi haziuzwi!"

"Ai! Kumbe huyu huongea?" Mjomba akasema.

Mama akamwambia amwache mtoto.

Zile zinazong'aa nimemwachia Mjomba. Sitaki kuziona.

Kwaheri, Baba. Naahidi hizi mbili hazitaguswa na maji nikiwa hai. Naahidi pia nitamweleza Mama mimi mwenyewe tukishafika nyumbani, na Mjomba nitampigia simu nimwambie mjinga alikuwa nani. Nipe muda huo tu. Mama anasema unamjia ndotoni. Ukimjia tena, mwongee mengine yote. Hili usimwambie.

Binti yako,
Nekesa