Barua Aliyoiacha Baba kwa Mpangaji

Chumba cha nyuma,
Duka letu la chapa.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko uliko? Natumaini kifua kimeacha kukusumbua na kwamba unalivaa lile sweta, maana nakujua, utakuwa umelikunja ukalisukumia chini kabisa ya begi. Sisi hapa wazima wa mwili. Mama anakula kidogo, ila anakula. Mimi nimekonda, na wateja wananisifia kana kwamba nilikuwa nataka.

Asante kwa kupiga simu siku ya mazishi. Uliposema vibali vimekwama, wapo ndugu waliobenua midomo. Mimi nilikuamini.

Duka nimelifungua wiki tatu baada ya kumzika Baba. Kadi za harusi za watu haziwezi kungoja msiba wetu. Mtambo unapiga kelele zake zilezile, na bado sijazoea kuusikia bila Baba kuugombeza.

Lakini kuna jambo limenikaa rohoni, nimeshindwa kukuambia kwa simu. Kwenye karatasi angalau hutanikatiza.

Unamkumbuka Mpangaji. Kompyuta kuukuu ilipokufa, Baba akakataa katakata kujifunza programu mpya ya kupangia kurasa, ndipo ukamtengenezea ile mashine pepe: mfumo wa zamani ukauweka ndani ya kompyuta mpya, ufanye kazi kwenye dirisha lake, pamoja na programu yake ya miaka yote. Ulimweleza nusu siku kwamba kompyuta moja inaweza kubeba mifumo miwili bila kugombana. Alichoelewa yeye ni kwamba kuna mtu kapanga chumba ndani ya nyumba ya mwenzake, na jina likabaki hilo.

Wiki moja baadaye mligombana mlangoni, kwa sababu hukutaka kuurithi mtambo. Akakuambia usije hata kumzika. Miaka minne hakutaja jina lako, lakini kioo cha Mpangaji alikifuta vumbi kila asubuhi.

Sasa sikiliza. Miezi yake ya mwisho, tukishakula cha mchana, alikuwa akibaki humu peke yake anadonoa herufi kwa vidole viwili. Nilidhani ni kazi. Kumbe anakuandikia wewe. Alimwambia Mama tu, akamkataza kusema mpaka amalize. Kazi za wateja zikiisha alizitoa kwa flashi. Hii haikuisha, kwa hiyo ilibaki humohumo kwa Mpangaji.

Mama aliniambia baada ya mazishi, nikaenda kuwasha. Baba hakuwa na desturi ya kumzima Mpangaji, alikuwa akimsimamisha tu, kwa hiyo alifunguka palepale alipoachwa. Ukurasa uko wazi, na kile kijistari kinapepesa mwisho wa neno. Juu nilisoma: "Mwanangu, siku ile mlangoni nilikuambia maneno ambayo", nikaondoa macho. Haikuwa yangu. Nilitaka kukuchapia kwenye karatasi nzuri, ile nene, nikutumie bila kuisoma.

Nilipobonyeza kuchapa, dirisha likaganda. Nilingoja saa nzima. Ndipo nikatazama karatasi yako ya maelekezo pale ukutani. Uliandika kwamba Mpangaji akigoma kabisa, tunakili kwanza folda yake yote, kisha tumrudishe kwenye ile picha ya hali yake uliyoihifadhi siku ulipomweka humu. Mstari wa kwanza niliuruka. Nilikuwa na haraka, na machozi, nikadhani kumrudisha ni kumponya tu.

Na kweli alipona. Alifunguka safi, mwepesi, na folda yake tupu kama siku ulipomleta.

Nikaibeba kompyuta hadi kwa fundi wa mtaa wa pili. Alihangaika nayo siku mbili, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Dada, humu hakuna cha kutafuta," aliniambia. "Umeirudisha kwenye siku ambayo hiyo barua bado haijaandikwa."

Nililia mbele ya wateja wake, sikujali.

Nimeipoteza mimi, mdogo wangu. Si umeme, si Mpangaji. Nilifikiria hata kukutungia nyingine. Maneno ya Baba nayajua, najua anavyozunguka kabla ya kufika, ungeamini. Niliandika nusu ukurasa, nikaona aibu, nikauchana. Sijui sentensi ile iliishaje. Huenda aliyajutia maneno yale, huenda aliyarudia. Mama anasema alikuwa akitoka humu macho mekundu. Zaidi ya hapo naye hajui.

Na Mama ndiye anayenimaliza. Kila akiamka swali ni lilelile, kama umeipata. Jumanne nikashindwa, nikamwambia umeshaisoma. Akauliza umesemaje.

"Amelia, Mama," nikajibu. "Amesema amemsamehe Baba."

Alinishika mkono. Kisha akaomba chai na mkate, akala vyote.

Kwa hiyo nimekupotezea barua yako, halafu nikakuchukulia na jibu lako. Nisamehe. Jumapili atakupigia, na atataka kuyasikia kwa mdomo wako. Sikuagizi la kusema. Nimeona tu ni haki yako kujua anachokingoja kabla hujapokea.

Shangazi anakusalimu sana, na fundi viatu wa jirani anauliza kila mara kama huko unapata viatu vya maana. Mungu akutunze ugenini, akupe usingizi mzuri na watu wema wa karibu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ukinikasirikia.